Spika za Kijivu

Jumamosi, 3 Mei

Sebule imejaa maboksi. Masikio amerudi na jozi tatu za spika. Tatu! (Masikio ni mume wangu. Nilimpa jina hilo tangu uchumba, maana husikia bomba likidondoka nyumba ya tatu lakini hasikii akiitwa kuosha vyombo.) Nikadhani amezinunua zote, nikaanza kupandisha sauti. Kumbe ameazimwa. Muuza spika amempa wiki mbili azijaribu nyumbani, abaki na jozi moja, mbili azirudishe. Eti kamwambia spika haichaguliwi dukani, chumba ndicho kinachochagua.

Zote ndogo, za kukaa rafuni. Za kwanza nyeusi, kama boksi la viatu lakini nzito kama tofali. Za pili za mbao, nzuri machoni, utadhani sanduku la bibi harusi. Za tatu za kijivu, nyembamba, baridi ukizigusa. Hizo sikuzipenda, sijui kwa nini.

Mimi ndiye mwamuzi. Anasema kazi yangu ni hiyohiyo. Kweli—kutwa nzima duka la miwani namwekea mtu lenzi nauliza: ya kwanza au ya pili? Ya pili au ya tatu? Wakichoka husema zote sawa. Leo na mimi nimesema zote sawa. Kanuna mpaka chakula cha jioni.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi nzima kulinganisha. Masikio kapima kwa kamba kutoka kwenye kiti hadi kila spika, kama fundi anayejenga. Wimbo uleule, jozi baada ya jozi.

Nyeusi zina besi. Ngoma inakukaa kifuani. Ila waimbaji wote wamebanana pamoja kama waliofungiwa stoo. Za mbao tamu! Sauti ya mwanamke inateleza kama mafuta. Lakini kila kitu kiko mbali kidogo, nyuma ya pazia. Za kijivu hazina huruma. Nilimsikia mwimbaji akifungua midomo kabla ya neno. Nikasikia kiti kikilia chini ya mpiga gitaa. Na kila mtu ana mahali pake—huyu kwenye kabati la vyombo, yule karibu na mlango. Ukifumba macho unaweza kuinuka ukampe mkono.

Mama mkwe kapita na kikombe chake, kasimama, kasikiliza. Hukumu yake: za mbao zina adabu. Hizi za kijivu zina umbea, zinasema hata ambayo hayakuulizwa.

Jumanne, 6 Mei

Mama katoa kaseti. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na sindano. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio. Aliirekodi humuhumu sebuleni kwa maiki mbili, moja kila upande, Masikio akiwa na miezi miwili. Mama anaimba kumbembeleza, mtoto analia. Ndiyo yote.

Tukaanza na nyeusi. Ikatoka sauti ya msichana! Mama akajishika shavu. "Kumbe nilikuwa na sauti!" Kisha: "Baba yenu alinioa kwa sauti hii. Sura ilikuwa nyongeza tu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Na Masikio kwenye spika ya kushoto, kilio kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikamwambia hujabadilika hata kidogo.

Kwa zile za mbao Mama alitoa machozi, ya raha. Kwa za kijivu hatukufika. Umeme ukakatika.

Jumatano, 7 Mei

Za kijivu. Tulikuwa wawili tu, kabla ya chakula. Mama yuko bafuni.

Mama wa kwenye kaseti anaimba katikati, hasa pale kilipo kiti chake cha sasa. Saa inagonga kushoto, upande wa mlango. Saa yenyewe haipo tena, imebaki alama yake ukutani. Masikio mchanga analia kushoto. Halafu kulia, upande wa dirisha, analia mtoto mwingine.

Si mwangwi. Mwangwi hurudia. Huyu anaanza mwenzake anapovuta pumzi. Kilio chembamba zaidi. Cha mtoto aliyechoka, asiyetegemea tena kwamba mtu atakuja.

Masikio kaniangalia. "Umesikia?"

"Wewe umesikia nini?"

Tukarudisha nyuma. Tena. Yupo.

Masikio alizaliwa peke yake. Ana dada mmoja tu, wifi yangu, aliyemtangulia kwa miaka saba.

Mama katoka bafuni na taulo kichwani, kasimama mlangoni. Kasikiliza. Hakushtuka. Kasema tu, "Wa dirishani analia. Mbona simchukui?" Akaenda zake jikoni kuonja chumvi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia wifi. Nikajizungusha, nikauliza habari za watoto, za mvua, mwisho nikatumbukiza: siku aliyozaliwa mdogo wako unaikumbuka? Anaikumbuka vizuri. Alikuwa hapa nyumbani, ndiye aliyemshikia mkunga taa. "Mmoja, wifi. Na huyo mmoja alitutosha kwa kelele! Mnatafuta nini?" Nikasema hatutafuti kitu.

Basi si siri. Ingekuwa siri ningepumua. Watu huficha mambo, na mambo huibuka, na dunia inaendelea.

Jioni nikamuuliza Mama mwenyewe, tunakunja nguo. Hakuchukia. "Mwanangu, tumbo langu nalijua. Nimezaa mara mbili, na wote wawili wapo, na wote wana domo."

"Na huyo wa dirishani, Mama?"

"Simjui." Akanyoosha kola ya shati, taratibu. "Lakini mtoto habebwi kwa kujulikana. Akilia, anabebwa."

Nililikunja na kulikunjua shati moja sijui mara ngapi.

Akanitania, labda aliniona uso. Anajua mimi na vichanga hatuelewani. Nikipewa mtoto namshika kama trei ya mayai, natafuta wa kumrudishia. Mimi na Masikio tumekubaliana watoto bado kwanza, na Mama hajawahi kunisumbua kwa hilo hata siku moja. Hunicheka tu: "Hana hata meno, unaogopa nini?"

Jumamosi, 10 Mei

Masikio kasema lazima kuna maelezo. Yeye ni mtu wa maelezo. Mchana kweupe, mapazia wazi, kanikalisha kwenye kiti cha katikati. Mpango wake rahisi: atabadilisha nyaya. Wa spika ya kushoto aupeleke kulia, wa kulia aulete kushoto. Kila kilichomo kwenye kaseti lazima kihame. Cha mlangoni kiende dirishani, cha dirishani kije mlangoni. Hakuna namna nyingine.

Kabadilisha. Kabonyeza.

Saa ikahama. Ikagonga dirishani. Masikio mchanga akahama, akalia dirishani. Mama akabaki katikati, sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa.

Yule mwingine hakuhama.

Sasa walikuwa wote wawili kwenye kona moja, kati ya dirisha na kabati, mmoja juu ya mwingine. Masikio kasimama katikati ya sebule na bisibisi mkononi. Sijawahi kumwona na uso ule. Kachomoa kabisa waya wa spika ya dirishani. Ikafa. Saa kimya. Yeye mwenyewe mchanga kimya. Pale konani, penye spika isiyo na waya, kilio kiliendelea.

Tukazima. Kikakoma.

Jumapili, 11 Mei

Nyeusi pia. Za mbao pia. Zile zile ambazo Jumanne hazikuwa na kitu! Sasa tunasikia kwenye zote.

Jumatatu, 12 Mei

Masikio kabeba kaseti na zile za kijivu mpaka dukani. Nikaenda naye saa yangu ya chakula, sikutaka aende peke yake.

Muuza spika ni mtu mpole, mnene, anazipangusa spika kwa kitambaa huku anaongea, kama anawapangusa wanawe pua. Katuwekea kwenye chumba chake cha kusikilizia, kimewekwa magodoro ukutani. Tumekaa watatu. Kamaliza kusikiliza, kasema, "Mama anaimba vizuri sana huyu. Na mtoto ana mapafu."

Watoto wangapi? Masikio kauliza.

"Wangapi? Mmoja."

Na kweli. Kule dukani mmoja. Nilisikiliza mpaka kichwa kikaniuma. Upande wa pili pumzi ya kaseti tu, shwaa, shwaa. Masikio kamweleza mambo ya nyaya. Muuza spika kacheka kidogo halafu kaacha kucheka. Kasema yeye anachojua ni kwamba spika haiongezi kitu, inatoa kilichomo. Kama hakimo kwenye kaseti, hakimo kwenye spika, basi… Hakumaliza. Kachukua kitambaa chake.

Barabarani Masikio kasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema tununue mkate: "Kwa hiyo ni chumba."

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi kazini nikamkuta Mama kona ya dirishani. Kavuta kiti chake mpaka pale, kaipa sebule mgongo. Anaimba ule wimbo, polepole. Anajibembeleza mbele na nyuma.

Amplifaya, ile mashine ya kuendesha spika, imezimwa. Plagi imechomolewa ukutani, niliiona kwa macho yangu.

Nikasema shikamoo Mama. Kainua kidole: shii. Akaendelea. Baada ya muda kaacha, kapumzika. Na hapo ndipo nilipokisikia. Bila kaseti. Bila umeme. Kidogo sana, kama kutoka nyumba ya jirani, lakini si nyumba ya jirani. Mama akaanza tena kuimba, kikakoma.

"Anashika usingizi saa hii," kasema. "Wasumbufu wote wako hivyo."

Nimekaa jikoni sufuria ikaungua.

Ijumaa, 16 Mei

Masikio kazirudisha zote. Zote tatu! Na amplifaya yake kaiuza kwa mwalimu mwenzake, na redio ndogo ya jikoni kampa. Mtu aliyekuwa akilala na katalogi za spika kifuani. Kasema ataishi na kimya, kimya hakijamuua mtu. Kaseti kaifungia kwenye gari.

Haikusaidia. Mama bado yuko konani. Chakula hali vizuri, anasema mikono imejaa, atakula baadaye. Uso umemnywea. Mkono wa kushoto unamuuma, nimemkanda kwa maji ya moto, na wakati namkanda anaangalia dirishani kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Nikamwambia Mama, hakuna kitu pale. Kaniangalia kwa huruma, mimi ndiye niliyehurumiwa! "Wewe unamsikia," kasema. "Usinidanganye, mwanangu. Niliona jana ulivyosimama na ufagio."

Ni kweli nilisimama.

Kazini nimemwekea mzee mmoja lenzi, nikauliza ya kwanza au ya pili, akajibu, nikawa sijui kajibu nini. Nikauliza tena. Na tena. Mzee akavua fremu akaniuliza kama niko mzima.

Jumapili, 18 Mei

Wifi kaja kumchukua Mama. Masikio ndiye aliyempigia. Hakumwambia la kona, kamwambia Mama amedhoofika, abadilishe hewa. Wifi ni mtu wa amri, mikono kiunoni: "Mama amekonda hivi nanyi mnatazama? Nyie ni watu au mapambo?" Kapanga nguo za Mama kwenye begi kabla chai haijapoa.

Nilidhani Mama atagoma. Hakugoma. Kasimama konani kidogo, kainama, kanong'ona sijui nini. Halafu kaja kunishika mikono yote miwili pale mlangoni. Viganja vyake vya moto.

"Usimwache alie sana."

Wifi yuko kwenye gari anapiga honi. Masikio kabeba begi. Ningesema nini? Nimesema, "Haya, Mama." Neno la kumtoa mtu mlangoni. Kila mtu husema haya.

Kafurahi. Kanyoosha mgongo kama aliyetua ndoo ya maji. Kaingia garini bila kugeuka.

Usiku kimya. Masikio kalala kama gogo, mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 19 Mei

Wifi kapiga simu. Mama kala sahani mbili! Kalala mpaka jua limepanda. Mkono hauumi. Yuko uani anagombana na kuku. Wifi anajisifu, eti hewa ya kwake ni dawa.

Halafu: "Lakini wifi, nimemuuliza kilichokuwa kinamchosha huko ni nini, anasema yeye ameshakuachia wewe. Amekuachia nini?"

Nikasema sijui. Labda maua.

"Nyie mna maua?"

Hatuna maua.

Jumanne, 20 Mei

Hakuna kitu. Kutwa hakuna kitu. Masikio kapiga mluzi akinyoa ndevu. Kasema labda Jumamosi apite kwa muuza spika, kusalimia tu. Nimemrushia taulo.

Jumatano, 21 Mei

Nimeomba ruhusa kazini nikatoka mapema. Alasiri, jua kali, nje watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani. Nilitaka kuifagia ile kona vizuri kabla Masikio hajarudi. Nisogeze kabati, nipanguse dirisha, yaishe. Nimefagia. Vumbi, kifungo kimoja, na ganda la karanga. Nikajicheka.

Kikaanza nimeinama na kizoleo.

Hakuna spika ndani ya nyumba hii. Hakuna hata redio. Nilijifanya sijasikia, nikaenda jikoni, nikafungua bomba mpaka mwisho. Kikapita juu ya maji. Si kwa nguvu. Kwa kuchoka. Nikarudi sebuleni nikasema kwa ukali, peke yangu kama kichaa: Mama hayupo! Ameondoka!

Kikanyamaza.

Na huko kunyamaza kukaniuma kuliko kilio. Alinyamaza kama mtu aliyeelewa.

Kilipoanza tena kilikuwa kidogo mno, nikapiga moyo konde, nikavuta kiti cha Mama. Maneno ya wimbo siyajui yote. Naguna tu penye mapengo. Nikiimba, kimya. Nikinyamaza kumeza mate, anaanza. Kwa hiyo naimba. Shajara ilikuwa kwenye mkoba, nimeivuta kwa mguu nimeiweka gotini, naandika huku naimba, mistari inapanda na kushuka.

Sasa hivi Masikio yuko mlangoni. Nimefunga komeo kwa ndani. Anabisha. Kaniita jina, mara ya pili. Ananisikia. "Mbona unaimba? Fungua! Unamwimbia nani humo?" Sauti yake si ya hasira. Anajua.

Nataka kwenda kufungua. Nimetaka tangu alipobisha.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekufa ganzi, na sasa ndipo nimeutazama. Nimeupinda. Kiwiko kimekaa pajani, kiganja kimefunguka juu, kimekinga. Hauna kitu, naona kabisa hauna kitu, jua linaupiga. Lakini mzito! Na pale kwenye kiwiko, kwa ndani, pana joto.

Anabisha tena, kwa bega sasa. Nimemwambia subiri. Nimenong'ona, sikuweza kupaza sauti, ndiyo kwanza ametulia. Nitasimama. Nitasimama polepole, nitangulize mkono nyuma ya kichwa chake, maana shingo bado haija